Himalaya haina volkano, Andes inazo, Hawaii iko katikati ya bamba: uso wa dunia unasomwaje?

Mchoraramani

Habari za humu wakuu. Naandaa seti ya mabango ya ukutani yanayoeleza jinsi mwendo wa mabamba ya dunia unavyotengeneza milima, mabonde, mifereji ya bahari na visiwa. Ile habari ya mipaka ya aina tatu (mabamba yanaachana, yanagongana, yanapishana) ninayo, na ramani ya mabamba saba makubwa pamoja na yale madogo ninayo. Shida inaanza ninapoiweka kanuni hiyo juu ya ramani halisi, maana haikai sawa.

Himalaya na Andes zote ziko kwenye mipaka ya kugongana, ila Andes imejaa volkano na Himalaya haina. Hawaii inatema lava lakini iko maelfu ya kilomita kutoka mpaka wowote. Katikati ya Atlantiki mabamba yanaachana, ningetarajia shimo, badala yake kuna safu ya milima chini ya maji. Milima ya Ural huko Urusi iko ndani kabisa ya bara, mpaka wa mabamba siuoni.

Naomba maelezo yenye namba, sio "nguvu kubwa za ndani ya dunia" tu. Na kwa anayejua: mkato (mchoro wa ardhi kama imekatwa wima) wa chini ya Andes unachorwaje ukawa sahihi? Michoro ninayoiona mtandaoni kila mmoja una pembe yake.

---

Kontua

Mkuu, ramani yako inaonyesha vitu viwili kwa pamoja, urefu na moto, na vitabu vingi vinavieleza kwa sababu moja. Vitenganishe. Ardhi inakuwa juu kwa sababu ganda chini yake ni nene, au kwa sababu mwamba ulio chini yake una joto kuliko kawaida. Volkano inatokea kwa sababu mwamba umeyeyuka. Sababu hizi zinaweza kukutana mahali pamoja, na zinaweza zisikutane kabisa.

Tuanze na urefu. Ganda la bara lina densiti ya karibu 2.8 (gramu kwa sentimita ya ujazo), koti (tabaka la mwamba lililo chini ya ganda hadi kwenye kiini cha dunia) 3.3. Kwa hiyo ganda linaelea juu ya koti, kama gogo majini: gogo nene linajitokeza juu zaidi na wakati huohuo linazama chini zaidi. Hesabu ya mzizi wa mlima ni hii:

mzizi = urefu × 2.8 ÷ (3.3 − 2.8)

Uwanda wa Tibet una wastani wa mita 5,000 hivi. Km 5 × 2.8 ÷ 0.5 = km 28. Chukua ganda la kawaida la bara, km 35, ongeza km 5 za juu na km 28 za chini, unapata km 68. Vipimo vya mawimbi ya matetemeko vinaonyesha ganda la Tibet lina unene wa karibu km 70. Hesabu ya mstari mmoja imefika hapo, na ndiyo maana napenda iwekwe kwenye bango kabla ya mshale wowote.

Ila usiitumie kila mahali. Nyanda za juu za Afrika Mashariki ziko juu zaidi ya mita 1,000, na ganda lake kwa sehemu kubwa ni la unene wa kawaida. Pale kinachoinua ni koti lenye joto la ziada. Ukilazimisha fomula utachora mzizi ambao haupo.

Sasa moto. Koti sio ujiuji. Mawimbi ya S ya tetemeko hayapiti kwenye kimiminika, na yanapita kwenye koti lote hadi kwenye kiini, kina cha km 2,900. Koti ni mwamba mgumu unaojongea polepole sana kwa sababu ya joto. Ili uyeyuke, kitu lazima kibadilike: mgandamizo upungue, au maji yaingie, au joto lizidi. Mabamba yanapoachana mgandamizo unapungua. Bamba la bahari linapozama, maji yanaingia.

Chini ya Andes kinachozama ni bamba la Nazca, ambalo ni sakafu ya bahari. Sakafu hiyo imekaa chini ya maji kwa mamilioni ya miaka, na maji yameingia hadi ndani ya madini yenyewe, sio kwenye nyufa tu. Bamba likifika kina cha karibu km 100, joto na mgandamizo vinayakamua madini hayo. Maji yanapanda kwenye koti lililo juu ya bamba, na koti lenye maji linayeyuka kwenye joto lililo chini kwa mamia ya nyuzi kuliko koti kavu. Ndiyo maana mstari wa volkano haukai ufukweni wala juu ya mfereji. Unakaa juu ya pale bamba lilipofika km 100 hivi.

Chini ya Himalaya kinachoingia ni bara la India. Ganda la bara ni jepesi, halikubali kushuka kwa mteremko mkali, linateleza karibu mlalo chini ya Tibet. Sakafu ya Tethys, bahari ya kale iliyokuwa mbele yake, ilishamezwa kabla bara halijafika, miaka milioni 50 hivi iliyopita. Wakati bahari ile inamezwa volkano zilikuwepo: mizizi yake ya graniti imefunuliwa na mmomonyoko na inaonekana leo kusini mwa Tibet. Bahari ilipokwisha, maji yakakatika, na moto ukazimika. Kilichobaki ni miamba kukunjana na kupandiana. Kilele cha Everest chenyewe, mita 8,849, ni mawe ya chokaa yenye mabaki ya viumbe wa baharini. Ukikutana na taarifa za lava changa kaskazini mwa Tibet, ni kweli, zipo sehemu chache, ila zina chanzo kingine na sio mnyororo.

Kwa bango lako nakushauri mfano mmoja unaoshinda yote: Aconcagua, mita 6,961, mlima mrefu kuliko yote ya Andes, uko kwenye sehemu ya Andes ambayo haina volkano hai. Kati ya latitudo 27 na 33 kusini bamba la Nazca linashuka kidogo kisha linalala karibu mlalo kwa mamia ya kilomita, linabanana na bamba la juu, na koti la moto halipati nafasi katikati yake. Pengo la namna hiyohiyo lipo Peru. Milima inaendelea, volkano zinakatika. Miamba ya Aconcagua ina asili ya volkano ya kale, lakini kilichoinua kilele ni kubanwa kwa ganda.

---

BahariKuu

Kontua amemaliza ya nchi kavu, mimi niende majini.

Mgongo wa kati ya bahari uko juu kwa sababu una joto. Haukusukumwa na kitu, na ganda lake halina mzizi: ganda la bahari lina unene wa km 7 hivi tu. Mabamba yanapoachana, koti linapanda kujaza nafasi, mgandamizo unapungua, sehemu ndogo yake inayeyuka na kuwa basalti (mwamba mweusi wa lava) ya sakafu mpya. Sakafu hiyo ikisogea mbali inapoa, inanywea, inakuwa nzito na kushuka. Kwa hiyo kina cha bahari kinafuata umri wa sakafu, na kinafuata vizuri mno:

kina (mita) = 2,500 + 350 × kipeuo cha pili cha umri (milioni za miaka)

Umri sifuri, juu ya mgongo: mita 2,500. Umri milioni 25: 2,500 + 350 × 5 = 4,250. Umri milioni 64: 2,500 + 350 × 8 = 5,300. Baada ya miaka milioni 70 au 80 fomula inaanza kuzidisha: kwa milioni 144 inakupa mita 6,700, wakati sakafu halisi ya umri huo inatulia kabla ya kufika huko. Sakafu ya zamani zaidi ya bahari kuu, magharibi mwa Pasifiki, ina miaka milioni 180 hivi. Zaidi ya hapo ilishazama na kumezwa. Miamba ya bara inafika miaka bilioni 4, maana bara halimezwi kirahisi.

Unene wa bamba lenyewe (ganda pamoja na sehemu ya koti iliyopoa) unafuata kipeuo hichohicho: takriban km 10 × kipeuo cha umri. Milioni 25, km 50. Milioni 81, km 90. Chora bamba likianza jembamba kwenye mgongo na kunenepa kuelekea pembeni. Michoro inayoonyesha bamba la bahari lenye unene mmoja kutoka mgongoni hadi kwenye mfereji inaficha sababu hasa ya kuzama: bamba zee limepoa, limekuwa zito kuliko koti lililo chini yake, na uzito wa kipande kinachoshuka ndio unaolivuta lililobaki. Angalia mwendo: mabamba ya Pasifiki, Nazca na Cocos, yenye kingo ndefu zinazozama, ni ya kasi. Afrika na Ulaya-Asia, ambayo karibu hayana kingo za namna hiyo, yanajikokota.

Kosa ambalo karibu kila mtu analifanya kwenye hesabu hizi ni la kasi nzima na nusu kasi. Ukisoma "Atlantiki inapanuka mm 25 kwa mwaka", hiyo ni jumla ya pande zote mbili. Kila bamba linaondoka mgongoni kwa mm 12.5. Sehemu iliyo km 500 kutoka mgongoni ina umri wa 500 ÷ 12.5 = milioni 40, kina kama mita 4,700. Ukitumia 25 unapata milioni 20 na mita 4,065, yaani zaidi ya mita 600 za uongo kwenye mchoro. Kumbuka pia kwamba km 1 kwa miaka milioni ni sawasawa na mm 1 kwa mwaka, huna haja ya kubadilisha chochote.

Umbo la mgongo nalo halifanani kote, na linategemea kasi. Atlantiki ni ya polepole, na juu ya mgongo kuna bonde la ufa lenye kina cha km 1 hadi 3. Bonde hilo ndilo Marie Tharp, mchoraramani wa sakafu ya bahari, aliliona kwenye vipimo vya kina mwanzoni mwa miaka ya 1950, kabla watu hawajakubali kwamba sakafu ya bahari inapanuka. Mgongo wa mashariki mwa Pasifiki, unaofika cm 15 kwa mwaka mahali pengine, hauna bonde hilo: magma inafika kwa wingi, juu ni laini na pamevimba. Bango likiwa na mgongo mmoja tu, sema ni wa bahari ipi.

Iceland inavunja fomula kabisa, iko juu ya maji hata pale penye umri sifuri. Pale mgongo umekaa juu ya nguzo ya mwamba moto inayopanda kutoka kilindini, na ganda limekuwa nene mara kadhaa ya zile km 7.

---

Mchoraramani

Nashukuru sana wakuu. Hiyo ya Aconcagua inaingia bango la kwanza. Sasa mkato: nichukue wapi data, na pembe ya bamba linalozama niiweke nyuzi ngapi?

---

Kina700

Pembe usiichague. Iache itoke kwenye matetemeko yenyewe, maana ndani ya bamba linalozama kuna matetemeko hadi karibu km 700, na ukiyapanga kwa kina yanakuchorea bamba. Wataalamu wa matetemeko Wadati huko Japani na Benioff huko Marekani waliliona jambo hilo kabla nadharia ya mabamba haijakamilika.

Chukua katalogi ya matetemeko ya USGS (shirika la jiolojia la Marekani), ni ya bure mtandaoni. Kwa kaskazini mwa Chile weka latitudo 20 hadi 23 kusini, longitudo 72 hadi 62 magharibi, ukubwa kuanzia 5, mwaka 1990 hadi sasa. Nimekuchagulia hapo kwa sababu mfereji umenyooka karibu kaskazini–kusini, kwa hiyo longitudo peke yake inatosha kuwa umbali. Digrii moja ya longitudo pale ni km 103 hivi (111 × kosaini ya 21.5). Upana wote unakuwa karibu km 1,030. Mhimili wa mlalo ni umbali kutoka kwenye mfereji, wa wima ni kina.

Kabla ya kuchora, safisha. Utaona matetemeko mengi yenye kina cha km 10 kamili au km 33 kamili. Hivyo mara nyingi sio vipimo. Ni thamani inayowekwa pale ambapo data haikutosha kukokotoa kina. Yaondoe, la sivyo utapata mistari miwili iliyonyooka kama rula ukidhani ni tabaka.

Skeli iwe moja pande zote mbili. Hapa ndipo michoro mingi ya mtandaoni inapoharibika: wanavuta wima mara tatu ili milima ionekane, na bamba linaloshuka kwa nyuzi 30 linaonekana linashuka kwa nyuzi 60. Tumia cm 1 kwa km 50. Upana ni cm 21, kina cha km 700 ni cm 14, inaingia kwenye karatasi ya kawaida. Kwa skeli hiyo kilele cha km 6 ni mm 1.2 tu. Usikubali kudanganya mkato kwa ajili ya hilo. Chora sura ya ardhi kwenye ukanda wake juu ya mkato, mlalo uleule, wima mara 20, na uandike "wima ×20" pembeni.

Ukanda huo wa juu utapendeza mno. Mfereji wa Atacama una kina cha mita 8,000 hivi, na volkano ya Llullaillaco, mita 6,739, iko chini ya km 300 kutoka hapo, kusini kidogo ya eneo ulilochagua. Karibu km 15 za wima ndani ya umbali huo.

Ukishaweka nukta utaona mambo ya kuangalia. Moja, bamba halinyooki. Linaanza karibu mlalo kisha linajikunja kwenda chini. Volkano ziko km 280 hadi 300 kutoka mfereji, bamba likiwa kama km 100 chini yake. Wastani wa pembe hadi hapo ni nyuzi 19 au 20, zaidi ya hapo mteremko unakuwa mkali zaidi. Mtu akitumia nyuzi 30 tangu mwanzo atapata volkano km 173 kutoka mfereji, karibu na pwani, na sio huko ziliko. Pili, kuna nukta nyingi za kina kifupi chini ya Andes yenyewe. Hizo ni za bamba la juu linalobanwa, usizipitishie mstari wa bamba linalozama. Tatu, kati ya km 300 na 500 hivi nukta zinakuwa chache sana, kisha zinarudi. Usichore bamba limekatika. Kutokuwa na matetemeko sio ushahidi wa kutokuwepo. Weka mstari wa vidoti.

Na pwani yenyewe ionyeshe kuwa haijatulia. Mabamba yanakwama kwenye mgusano wao kwa miaka mingi, bamba la juu linajikunja taratibu, kisha linajiachia. Alaska, 27 Machi 1964, ukubwa 9.2: sehemu za kisiwa cha Montague zilipanda karibu mita 10, na maeneo ya ndani zaidi ya bara yakashuka takriban mita 2. Dakika chache zilitosha kubadilisha ramani ya ufuo.

---

Kontua

Niongeze ya Ural kwa kifupi. Mipaka ya mabamba ina umri. Ural na Appalachia (milima ya mashariki mwa Marekani) ni mishono: mabara yaligongana pale miaka milioni 300 hivi iliyopita, bara kuu la Pangaea likaundwa, kisha mpaka ukafa na ukabaki ndani ya bamba. Atlantiki ikafunguka mashariki ya Appalachia, Ural ikabaki imefungwa.

Swali la haki ni kwa nini haijasawazishwa baada ya muda wote huo. Jibu liko kwenye densiti zilezile. Mmomonyoko ukiondoa km 1 ya mwamba, mzizi unapanda, na uso unashuka km 1 × (1 − 2.8 ÷ 3.3), yaani mita 150 tu. Ili uso ushuke km 1 kamili inabidi km 6.6 za mwamba ziondolewe. Kwa sababu hiyo kwenye milima ya zamani unakanyaga mwamba uliopikwa kilomita nyingi chini ya ardhi.

---

BahariKuu

Na Hawaii. Volkano zake hazitokani na mpaka. Kuna nguzo ya mwamba moto chini ya bamba la Pasifiki, bamba linapita juu yake kuelekea kaskazini-magharibi, na kila volkano ikishabebwa mbali inazimika. Mwanajiofizikia wa Kanada J. Tuzo Wilson alilipendekeza hilo mwaka 1963. Uzuri wake ni kwamba mnyororo unakupa kasi: kisiwa cha Midway kiko takriban km 2,430 kutoka Kilauea, volkano hai ya Hawaii, na lava yake ina miaka milioni 27.7. Gawanya: mm 88 kwa mwaka. Kisiwa cha Kauai, km 520 hivi na miaka milioni 5, kinakupa karibu mm 100. Zinakaribiana vya kutosha, na tofauti yenyewe ni ya kawaida, kwa sababu volkano moja inaishi miaka milioni kadhaa na haikai juu ya nukta moja.

Inakoharibika ni kwenye kuchagua mwamba. Kauai ina lava changa iliyomwagika mamilioni ya miaka baada ya mlima mkuu kujengwa. Ukichukua umri wa lava hiyo kasi inaruka mara mbili au zaidi. Tumia umri wa jengo kuu la volkano.

Usiende nayo moja kwa moja hadi mwisho wa mnyororo pia. Miaka milioni 47 hivi iliyopita kuna kona, mlolongo unageuka kuelekea kaskazini. Zamani ilielezwa kuwa bamba liligeuka ghafla. Usumaku uliohifadhiwa kwenye lava za milima ile ya chini ya bahari umeonyesha kwamba nguzo yenyewe ilikuwa inahamia kusini kabla ya kona. Kwa hiyo upande wa kaskazini wa kona ni jumla ya miendo miwili, usiupe bamba peke yake.

Visiwa vikiondoka kwenye joto vinazama: bamba linapoa, na uzito wa volkano unalikunja chini. Matumbawe yanaendelea kujenga kuelekea mwangani. Darwin alilieleza hilo 1842, na mwaka 1952 uchimbaji kwenye Enewetak, duara la matumbawe katika Pasifiki, ulipita zaidi ya mita 1,200 za chokaa ya matumbawe kabla ya kugusa basalti. Mnyororo mzima uchore kama hivyo: mlima, kisha kisiwa kinacholiwa, kisha duara la matumbawe, kisha mlima uliozama.

---

Mchoraramani

Yamebaki mawili: bonde la ufa la Afrika na mipaka ya kupishana. Hili la ufa lina kelele nyingi mtandaoni, kwamba bara linapasuka sasa hivi.

---

UfaMkuu

Linapasuka kweli, kwa kasi ambayo jicho halioni. Bamba la Somalia (upande wa mashariki wa ufa) linaachana na bamba la Nubia (Afrika iliyobaki, magharibi) kwa mm 6 au 7 kwa mwaka huko Ethiopia, na inapungua ukienda kusini. GPS ndiyo inayopima.

Kitu cha kuchora vizuri ni umbo la bonde. Watu wanachora kipande cha katikati kimeshuka sawasawa kati ya nyufa mbili. Mara nyingi sivyo: ufa mkubwa uko upande mmoja, sakafu inainama kuelekea huko, na ukiendelea mbele ufa mkubwa unahamia upande wa pili. Ziwa Tanganyika limejipanga hivyo. Uso wake uko mita 773 juu ya usawa wa bahari, kina chake ni mita 1,470, kwa hiyo sehemu yenye kina zaidi iko karibu mita 700 chini ya usawa wa bahari, na chini ya maji bado kuna kilomita za mashapo kabla ya kufika kwenye mwamba.

Rwenzori, mita 5,109, iko kwenye ufa na sio volkano: ni kipande cha mwamba wa kale kilichoinuliwa kati ya nyufa. Kilimanjaro, mita 5,895, ni volkano. Ile ya Kontua ya kutenganisha urefu na moto inafanya kazi hata hapa, na hawa wawili ni jozi nzuri ya bango.

Kuhusu kelele: ufa uliotokea Mai Mahiu, Kenya, Machi 2018 ulisambazwa kama bara limeachana. Fanya hesabu. Upana wa mita 10 kwa mm 7 kwa mwaka ni zaidi ya miaka 1,400. Mvua kubwa ndiyo iliyosomba majivu ya volkano yaliyokuwa yamejaa ndani ya mianya ya zamani. Ufa unaweza kuruka kwa mkupuo, ila unajitangaza: Septemba 2005 kule Afar, Ethiopia, magma iliingia kwenye mpasuko wa km 60 na kuufungua hadi mita 8 ndani ya wiki chache, na ilikuja na mfululizo wa matetemeko, mlipuko wa volkano ya Dabbahu, na mabadiliko ya uso yaliyopimwa na satelaiti. Picha ya shimo peke yake haitoshi.

---

Kina700

Ya kupishana ni rahisi kama mpasuko umenyooka: hakuna kinachoinuka sana, vitu vinahamishwa tu. Mfano mzuri ni kijito cha Wallace Creek kwenye mpasuko wa San Andreas, California. Kinashuka kutoka mlimani, kinafika kwenye mpasuko, kinakata kona na kuufuata kwa mita 130 hivi, kisha kinakata kona tena na kuendelea. Mkondo wa sasa ulichimbwa miaka 3,700 hivi iliyopita. Mita 130 ÷ 3,700 ni mm 35 kwa mwaka. Bamba la Pasifiki na la Amerika Kaskazini kwa jumla yanapishana karibu mm 50. Zile zinazobaki zimegawanywa kwenye nyufa nyingine za pembeni, kwa hiyo usichore mpaka huo kama mstari mmoja mwembamba.

Kona ndizo zinazojenga sura ya nchi. Mpasuko ukijipinda kwa namna ya kubana, milima inapanda, kama Southern Alps ya New Zealand. Ukiruka kwa namna ya kuachia, ardhi inazama: Bahari ya Chumvi iko kwenye nafasi kama hiyo, uso wake zaidi ya mita 430 chini ya usawa wa bahari.

---

BahariKuu

La mwisho kabla hujachapisha, kuhusu mishale ya kasi. Andika kila mshale unapimwa dhidi ya nini. Nazca dhidi ya Amerika Kusini ni karibu cm 7 kwa mwaka. Dhidi ya nguzo za moto za kilindini ni namba nyingine. Afrika imezungukwa na migongo ya bahari karibu pande zote. Ukichora mishale inayosukuma bara kutoka kila upande, msomaji atakuuliza linaenda wapi. Migongo yenyewe inahama.

Pia usiweke namba moja kwa bamba zima. Bamba linazunguka juu ya tufe kuizunguka ncha fulani, kwa hiyo kasi inategemea umbali kutoka kwenye ncha hiyo. Likizunguka digrii 1 kwa miaka milioni, sehemu iliyo nyuzi 90 kutoka kwenye ncha inakwenda mm 111 kwa mwaka, iliyo nyuzi 30 inakwenda 111 × saini ya 30, yaani mm 55. Mishale ya bamba la Pasifiki ifanye kuwa na urefu tofauti kutoka sehemu moja hadi nyingine.